Maji Baridi na Chumvi

Kama lipo doa la kumshinda Mjomba Povu, basi halijazaliwa, na siku likizaliwa litamkimbilia mama yake. Hivyo ndivyo alivyojisifu mwenyewe, na tumwache ajisifu, maana miaka ishirini na sita ya kufua nguo za watu si mchezo. Kibanda chake cha mabati kilikaa kati ya duka la mbao na kinyozi. Ndani yake mlikuwa na mabeseni matatu, pasi ya makaa, na meza iliyotandikwa blanketi lenye alama mbili za kuungua. Kila alama ilikuwa kumbukumbu ya siku aliyojisifu hadi akaisahau pasi.

Shule aliachana nayo darasa la tano, na hakuna aliyemlilia mwenzake. Lakini maandishi yake alikuwa nayo. Kila mteja alikuwa na uzi wake, na nguo kabla haijagusa maji, Povu aliitia mishono midogo ndani ya pindo. Kinyozi alikuwa mwekundu mmoja. Mwenye Mbao, jirani yake na kaka wa mkewe, alikuwa kijani mitatu na mweusi mmoja, kwa sababu shemeji huyo alipenda chake kiwe kingi kuliko cha wenzake. Alama haikujali nguo ni ya nani, iliangalia furushi limeletwa na nani. Kwa miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyelalamika amepewa suruali isiyo yake, kumbe amenenepa.

Jumamosi moja Kinyozi alibandika karatasi kwenye kioo chake. Ilidai sheria ikazwe: wabakaji wasifungwe tena miaka thelathini, wafungwe maisha.

"Mjomba, njoo uweke saini."

"Lete kalamu uone watu wanavyoandika!" Povu akachora saini yenye mikia mitatu, ya kwanza kabisa, juu ya zote. "Maisha yenyewe nayaona machache. Mimi ningekuwa hakimu, ningemfunga mpaka afe, halafu namfunga na mzimu wake."

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akageuka kitini. "Hata huyu shemeji yako wa mbao?"

Kicheko kikakatika kama nyuzi za gitaa.

"Kesi iko mahakamani," Povu akasema. "Mimi nina pasi motoni." Akatoka. Pasi ilikuwa baridi tangu asubuhi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miezi mitatu nyuma, Mwenye Mbao alileta furushi kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo siku zote ni ya mkewe. Mlikuwa na mashati manne na gauni moja la maua. Povu alilijua gauni hilo. Lilikuwa la yule dada wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akifanya usafi nyumbani kwa shemeji, aliyepita pale kila asubuhi na hakuwahi kupita bila salamu. Bega lilikuwa limechanika, vifungo viwili havipo, na chini kulikuwa na doa.

"Shemeji, hili vipi?"

"Juisi. Alijimwagia, halafu akanasa kwenye kitasa. Namsaidia tu. Shona na hilo bega."

"Juisi ya nini?"

"Wewe ni dobi au mpelelezi? Fua, bwana!"

Povu akafua. Mkono kwa mazoea ulitia kwanza kijani mitatu na mweusi mmoja ndani ya pindo, kisha ukaenda kwenye beseni. Akashona bega kwa mshono usioonekana na vifungo akatafuta vinavyofanana. Kufikia saa saba mchana doa lilikuwa hadithi. Aliliinua gauni juani, akapiga mluzi wa kujipongeza. Tangu siku ile, mluzi huo ulikuwa ukimrudia kila anapoinua nguo ya mtu.

Maana siku ya pili yake yule dada alikwenda polisi. Alisema baada ya Mwenye Mbao kumfanyia unyama ule alivuliwa gauni na mke wa Mwenye Mbao, akapewa jingine, akaambiwa aoge na anyamaze. Polisi walilikuta gauni kabatini nyumbani kwa shemeji, limenyooshwa, linanukia sabuni. Wakili wa Mwenye Mbao akawa analipeperusha mahakamani kama bendera: "Mheshimiwa, hili ndilo lililochanwa? Mbona ni zima kuliko koti langu?" Na Mwenye Mbao, nje kwa dhamana, akawa anauza mbao zake kama kawaida na kumpungia Povu mkono kila asubuhi. Povu naye akawa anaurudisha.

Nyumbani alijaribu kulisema. Mkewe alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Miaka thelathini, Baba Pacha. Kaka ana hamsini na moja. Hebu jumlisha, wewe uliyeishia la tano."

"Mama Pacha, sikiliza..."

"Ndiye aliyenilea baba alipokufa. Ingekuwa mitano, ningekuvalisha viatu kwa mikono yangu uende ukaseme. Akosee, afungwe, arudi. Lakini hiyo si kufungwa, ni kuzikwa. Na nyinyi bado mnataka kuongeza! Nasikia umesaini wa kwanza?"

"Nilisaini kwa sababu ni haki."

"Ulidhani saini ni sabuni." Hapo ndipo alipoinua kichwa, na macho yalikuwa yamejaa. "Nami ni mwanamke, usidhani simwonei huruma yule mtoto wa watu. Namwonea. Ndiyo maana sipiti njia anayopita."

Povu alikuwa akiogopa ile thelathini kama mkewe, na mdomoni alikuwa akidai maisha. Usiku huo alilala ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

Jumatatu yule dada alifika kibandani na blauzi nyeupe na sketi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unipigie pasi. Kesho ni kesi. Yule wakili ananiangalia kama tambara la jikoni, basi angalau niwe tambara lililonyooka." Alijaribu kucheka. "Halafu nimesikia ulisaini wa kwanza. Asante."

Povu akachukua sindano apate pa kuweka macho. Akachagua uzi mweupe.

"Huo wa nini?"

"Alama. Ili nijue furushi la nani."

"Kwa hiyo kila nguo iliyopita hapa unaijua?"

Povu akajaza maji mdomoni, kama madobi wanavyofanya kabla ya kunyunyizia nguo. Akayashikilia humo. Aliyashikilia hadi mashavu yakauma, kwa sababu mwenye maji mdomoni hadaiwi jibu.

"Wanabishana waongeze miaka au wasiongeze," yule dada akasema, akiitazama pasi. "Mimi hakimu akiuliza kama nina shahidi, huwa naangalia mlango."

Kesho yake Povu hakufungua kibanda. "Naenda," alimwambia mkewe. Mkewe akageukia ukuta. Viatu alijivalisha mwenyewe.

Kwenye korido ya mahakama alimkuta mwendesha mashtaka, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akamweleza yote bila utani hata mmoja. Wakamwandika maelezo. Kufikia alasiri alikuwa kizimbani, gauni la maua mikononi. Akapindua pindo. Kijani mitatu, mweusi mmoja.

"Huu mkono wangu, mheshimiwa. Na alama hii ni ya furushi la shemeji yangu yule pale. Alilileta mwenyewe, limechanika, lina doa." Mwenye Mbao alimtazama kama mtu anayetazama mbao iliyoliwa na mchwa.

Wakili akasimama, akitabasamu. "Bwana Dobi, mteja wangu alikwambia doa ni la nini?"

"Juisi."

"Basi ulifua juisi. Hukujua kingine. Au siyo?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na wa kumfaa yeye kuliko mtu yeyote. Angeitikia tu, angetoka pale msafi, dobi maskini aliyedanganywa. Waswahili walisema mwosha huoshwa, naye alikuwa amewacheka siku zote.

"Juisi hufuliwa kwa maji ya moto," akasema.

Hakimu akainua kalamu. "Na hili ulilifua kwa maji gani?"

"Maji baridi. Na chumvi."

"Hiyo ni ya kutoa nini?"

"Damu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua tangu nilipoitafuta chumvi."

Kalamu ikaandika muda mrefu. Kama ilikuwa inamwandikia shemeji peke yake au na yeye humo humo, Povu hakuuliza. Yule dada, katika blauzi iliyonyooka, hakuwa akiangalia mlango tena. Alikuwa akimwangalia yeye, wala si kwa shukrani, na macho yale Mjomba Povu hakujua yafuliwe kwa maji gani.