Manjano Yaliyojaribiwa Kwenye Kitovu

Tangu utotoni nimeota kuandika safari za nchi za mbali. Mungu ana mzaha wake: safari ya kwanza niliyopata ya kuandika ilinitoa Riruta, ikanipitisha mjini, ikanifikisha Karen na kunirudisha Riruta siku hiyo hiyo, nami nilikuwa na hasira karibu njia nzima.

Sababu ni mama yangu. Ana ugonjwa unaovimbisha mishipa ya damu kwa ndani. Vidole humuuma, na madoa ya zambarau humtoka miguuni. Daktari alimpa vidonge vya kutuliza huo uvimbe, akamwonya asiviache ghafla. Mimi ni msusi pale Kenyatta Market. Siku moja mteja wangu aliniachia karatasi ya tangazo la duka moja la Karen, la kapsuli za manjano, kile kiungo cha mchuzi, nami jioni nikamsomea Mama kwa furaha kama mtangazaji wa redio: zinazuia chembe nyeupe za damu kunata kwenye ukuta wa mshipa, hazina madhara yoyote, na zimejaribiwa kwenye mishipa ya binadamu. Tukanunua chupa.

Jumatatu asubuhi niliona madoa yamepanda hadi magotini. Nikauliza. Kumbe ana siku tatu hajagusa vidonge vya daktari.

"Mama! Nani alikuambia uache?"

"Si ni wewe ulinisomea? Za daktari zinanivimbisha uso kama andazi. Hizi hazina shida."

"Twende kliniki sasa hivi."

"Siendi kugombezwa. Kama hiyo karatasi inadanganya, niletee mtu aliyeona kwa macho yake. Hapo nitaenda."

Nikamwachia jirani kazi ya kumwangalia, nikatia karatasi na ile chupa mkobani na kutoka.

Saa tatu nilikuwa mjini, kwa Bwana Ramesh, anayetuuzia viungo vya pilau tangu nikiwa mdogo. Niliwaza, wa kuulizwa habari za manjano ni nani kama si yeye? Aliisoma karatasi, akavua miwani, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Hawa wa Karen? Wananunua hapa kwangu, dada. Magunia. Hii hii ya mchuzi."

"Kwa hivyo haisaidii?"

"Mke wangu hunitilia kwa maziwa nikikohoa. Nakunywa, nafurahi. Lakini presha yangu?" Akafungua droo na kunionyesha vidonge vyake. "Nenda umwone binti yangu Nisha. Yeye hutazama hiyo mishipa kila siku."

Saa tano nikafika maabara anakofanya kazi Nisha, na nilicheka peke yangu, maana ni dakika chache tu kutoka kibanda changu cha kusuka. Alikuwa anakaribia kwenda kunywa chai, akaiacha kwa ajili yangu. Nilimweleza yaliyompata Mama, akanikalisha mbele ya hadubini.

"Kisahani hiki cha kwanza kina seli za ukuta wa mshipa. Nimezichokoza kwa makusudi, ili ziamini kuna maradhi," alisema. "Ukuta wa mshipa ukichokozwa hivyo, seli zake huchomoza molekuli za kunasa. Umewahi kupita kwenye nyasi, mbegu zikashika sketi?"

"Mara nyingi."

"Ndiyo hivyo. Chembe nyeupe zikipita, zinanaswa, zinapenya, na uvimbe unazidi."

Nilitazama. Vitone vyeupe vilikuwa vimeganda kila mahali. Akabadilisha kisahani, cha pili kikiwa kimetiwa kiini cha manjano. Vitone vilikuwa vichache sana. Moyo wangu uliruka.

"Basi ni kweli!"

"Ni kweli ndani ya kisahani. Hapa namwagia seli moja kwa moja. Mama yako anameza. Kiini hiki tumboni hakifyonzwi vizuri, na ini linakivunja haraka. Kinachofika kwenye mishipa ni kidogo mno. Siwezi kukuambia kinamtibu."

"Lakini wameandika mishipa ya binadamu."

Nisha akakifunika kisahani. "Unajua seli hizi tunazitoa wapi? Kwenye kamba ya kitovu. Mama akijifungua, akikubali, tunapewa. Mshipa wake ni wa binadamu, ndiyo, na majaribio wanayoyataja ni ya seli kama hizi. Hawakuandika uongo."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Uongo ningeuelewa. Lakini mtu kuchukua neno la kweli na kumdanganya nalo mgonjwa!

"Usimrudishie vidonge kwa kukisia," Nisha alinionya. "Mpeleke kwa daktari leo leo."

Ningerudi nyumbani moja kwa moja. Nakiri, hasira ilinipitisha Karen kwanza. Saa saba nilisimama ndani ya duka lenye sakafu ya mbao na harufu ya sabuni ghali. Kijana wa kuuza alinikaribisha kwa tabasamu.

"Sasa, madam. Nikusaidie?"

"Hizi kapsuli, nani alizimeza ndiyo mkajua zinafaa?"

"Zimejaribiwa kwa binadamu."

"Zimejaribiwa kwa kitovu! Kitovu kina tumbo? Kina ini?"

Wateja wawili wakageuka. Kijana akashusha sauti. "Madam, mimi huuza tu. Hatujamwambia mtu aache dawa."

"Mmemwambia mama yangu hizi hazina madhara yoyote. Angeachaje kuzichagua?"

Niliweka chupa juu ya kaunta na kuondoka. Njiani nililia kidogo, kwa sababu ile sauti tamu iliyomsomea Mama haikuwa ya kijana yule. Ilikuwa yangu.

Saa tisa, Riruta. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, uliomba mtu aliyeona kwa macho. Ni mimi. Na nilikosea kukusomea."

Nikamweleza yote. Alipinga mpaka nilipofika kwenye kitovu.

"Kitovu? Chako nilikizika mwenyewe nyuma ya nyumba ya nyanya yako. Sasa hao wanapima kitovu cha mtoto wa jana, wananiambia ni mimi, mzee huyu?" Akaanza kutafuta leso yake. "Nipe viatu."

Kliniki tulimkuta daktari bado yupo. Aligomba, kweli, kisha akampima, akapanga upya dozi. Mama akamuuliza kama vidonge vina madhara.

"Vinayo," daktari alisema. "Uso utavimba, sukari inaweza kupanda, mifupa inaweza kudhoofika. Ndiyo maana nataka kukuona kila mwezi."

Mama alinigeukia. "Umesikia huyu? Amenitisha vizuri. Nipe maji nimeze."

Nilichojifunza ni hiki: karatasi ya dawa isiyo na neno baya hata moja, sitamsomea tena mtu ninayempenda.