Kipande cha Sumu na Sahani ya Mama Fortunata

Zoraida Huamaní alikuwa anapenda sifa, jamani, tusidanganyane. Kila mgeni aliyeingia maabara yetu hapa Lima lazima ampeleke kwenye friji, amwonyeshe kichupa kilichoandikwa kipindupindu, mgeni aruke nyuma, yeye acheke.

"Usiogope, baba! Sumu hii ina vipande viwili. Kimoja kinashika mlango wa seli, kingine ndicho kinachoingia kuleta balaa. Sisi tunanunua hiki cha kushika mlango tu, kimeshasafishwa. Tunamdunga panya, kinapanda na mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, tunaona kimepita wapi. Hakina neno. Hiki ningekilamba!"

"Si ukilambe basi," namwambia, maana nimeosha vyombo pale miaka mingi na simwogopi mtu.

"Maruja, we kaoshe chupa zako."

Maringo hayo alifika nayo mpaka nyumbani kwa mama yake, Mama Fortunata. Huyu mama zamani aliuza seviche sokoni Chimbote: samaki mbichi wa kulowekwa kwenye ndimu, na kitunguu na pilipili. Mwaka ule kipindupindu kilipotuingilia, wateja wake wawili wakafa. Walikula nini kingine, walikunywa maji ya wapi, nani anajua? Majirani hawakuuliza. Walivunja mkokoteni wake na kumwita muuaji mbele za watu, Zoraida mdogo amemng'ang'ania sketi. Wakahamia Lima, mama akauza mahindi ya kuchemsha. Seviche hakuitengeneza tena.

Sasa sikia bikizee alivyowaza, aliniambia mwenyewe baadaye. Binti yangu anashika kipindupindu mkononi wala hatetemeki. Basi hata chakula changu hakiogopi.

Siku picha za ubongo wa panya zilipotoka safi, mishipa yote imeshika rangi, tulikuwa tunasherehekea kwenye chumba cha chai. Mama Fortunata akatokea na bakuli kubwa, kavaa gauni lake la kanisani.

"Nimewaletea seviche, wanangu. Nimeitengeneza mwenyewe."

Tulikula, mwenzangu! Profesa, mkuu wetu wa maabara, aliongeza mara mbili na kunywa mpaka maji ya ndimu yaliyobaki kwenye sahani. Lakini mama hakuwa na habari na sisi. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Na wewe, mwanangu?"

"Nakula, Mama. Ngoja kwanza nikawaangalie panya." Akaondoka na sahani yake.

Mimi nikabeba vyombo vichafu nikaenda navyo chumba cha kuoshea. Nikamkuta Zoraida ameinamia ndoo ya taka. Seviche yote iko ndani, naye anaimwagia klorini, kama tunavyomwagia uchafu wenye vijidudu. Anamwaga, haachi.

"We Zoraida! Una wazimu?"

"Siwezi, Maruja. Nimejaribu, haki ya Mungu. Nikiinusa tu nawaona wale watu wawili." Akafunika uso. "Naona aibu mpaka natamani ardhi inimeze. Mama yangu mzazi! Usimwambie, nakuomba."

Hata sikuhitaji kumwambia. Mama Fortunata alikuwa mlangoni, nyuma yangu, ameshika nusu ya ndimu. Alikuwa amemfuata binti yake amkamulie, maana alijua anapenda kitu kikali.

Akasogea, akachungulia ndoo. Vipande vya samaki vilikuwa vinaelea kwenye klorini. Aliiokota sahani, akaisuuza, akaifuta kwa upande wa gauni lake la kanisani.

"Mama," Zoraida akasema, "nisamehe, sikutaka..."

"Kumbe hata wewe," alisema Mama Fortunata. "Miaka yote hii nilidhani ni majirani tu."