Kibao cha Kikrioli

Shule yetu ya mlimani, juu ya mji wa Jérémie, ilikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mtoto akiteleza akasema Kikrioli ndani ya uzio, alivishwa shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake akiteleza pia. Kifaransa tu! Utadhani tulizaliwa Paris, sisi Wahaiti ambao hata kuku tunawafukuza kwa Kikrioli.

Mimi nilifundisha chumba cha pili. Cha kwanza kilikuwa cha Clermise, mwanamke mfupi, mcheshi, mbishi kupindukia.

"Mtoto akiogopa mdomo wake mwenyewe," alikuwa akiniambia, "utapitia wapi kumfundisha?"

"Shoga, nyamaza, utafukuzwa."

Clermise alikuwa na baba mgonjwa wa kumlisha, na shule nyingine karibu haikuwepo.

Siku moja darasa lake lilikuwa likikariri kwa Kifaransa kwamba mto ni rafiki wa mkulima. Roselaure, msichana mwenye kigugumizi ambaye kile kibao kilikuwa kama sehemu ya sare yake, akauliza kwa Kikrioli, "Mbona wetu u-umesomba shamba la baba?"

Clermise akamvua kibao, akajivisha mwenyewe, akamjibu kwa Kikrioli hicho hicho: habari za miti iliyokatwa mlimani, nani aliikata, nani alinunua mbao. Watoto wakauliza maswali mpaka kengele ikalia. Nilisikia yote kupitia ukuta, nikafurahi na kuogopa kwa pamoja.

Mwalimu mkuu alipopata habari, akasema wazazi waamue: kibao kirudi kwa watoto, au mwalimu aondoke. Wa kwanza kufika darasani kwa Clermise, watoto wakiwapo, alikuwa mama yake Roselaure, muuza mkaa, masizi mikononi.

"Mwalimu, unataka kuniharibia mtoto? Mvishe! Mimi hakuna aliyenivisha, na ona nilivyobaki. Hospitali Kifaransa, mahakamani Kifaransa, mimi natikisa kichwa tu kama mbuzi!"

Clermise akagusa kibao alichokuwa bado amekivaa.

Roselaure ndiye aliyesogea. Akakivua kibao shingoni mwa mwalimu wake, akajiinua kwa ncha za vidole vya miguu, akamvisha mama yake. Hakuwa akifanya utani. Mama alikuwa amesema Kikrioli ndani ya uzio.

Yule mama akakishika kibao kwa mikono yake yenye masizi, akatutazama sote. Alitaka kuomba avuliwe, na hakujua aombe kwa lugha gani.