Mkono Mwembamba wa Baba Sista

Mdogo wangu aliitwa Baba Sista kabla binti yake hajajua hata kushika sindano. Siku binti alipokubaliwa chuo cha uuguzi, majirani walianza kumwita Sista kwa utani, utani ukakomaa ukawa jina, na baba mtu akajikuta amebatizwa upya uzeeni. Hakulalamika hata kidogo. Alikuwa mchora mabango, maisha yake yote alikuwa akiandika majina ya wenzake kwa herufi kubwa, duka la fulani, saluni ya fulani, na la kwake hakuna aliyewahi kuliandika popote. Sasa akipita barabarani watu walikuwa wanamwita kwa sauti, naye anatembea polepole makusudi ili waite tena.

Mimi ni dada yake mkubwa na ni fundi cherehani, kwa hiyo naruhusiwa kusema: mtu yule alikuwa mwembamba kupita kiasi. Kila shati lake nililipunguza mikono mpaka nikachoka. Kula alikuwa anakula, tena bila aibu, ila chakula sijui kilikuwa kinaishia wapi. Mimi nimejaaliwa mwili wa watu wawili. Tukikaa benchi moja, mgeni angesema mwenye presha ni mimi, na angekosea. Presha ilikuwa ya kwake, na vidonge vilikuwa vyake, na kila mara kliniki ikifika alikuwa ananung'unika kuhusu ile foleni.

Binti alipobakiza mtihani wa leseni tu, ndugu wakaamua tukutane nyumbani kwao tumpe zawadi za kazi yake mpya. Nikauliza kwa nini tusingoje kwanza apate hiyo leseni. Nikaambiwa naleta nuksi. Basi nikafunga mdomo, nikamshonea gauni jeupe lenye mifuko mirefu, kwa sababu kukasirika sikujui bila sindano mkononi. Mjomba wake akaleta saa ndogo ya kubandika kifuani. Mama yake, wifi yangu, akaleta viatu vyeupe vyenye soli laini. Kila kitu pale sebuleni kilisema mtoto ni muuguzi, ila wanaotoa leseni ndio walikuwa bado hawajasema.

Baba Sista aliweka zawadi yake mwisho. Ilikuwa kipimo cha presha ndani ya mkoba, na juu ya mkoba alikuwa ameandika SISTA kwa rangi nyekundu, kila herufi na kivuli chake cheusi. Nilimwangalia alivyokuwa anameza mate huku binti anafungua zipu, nikamhurumia. Tukataka kipimo kijaribiwe hapo hapo. Mimi ndiye niliyetangulia kukunja mkono wa gauni, na mkanda ukanikaa barabara. Majibu yakaja mazuri, nikapigiwa makofi, nikajiona msichana.

Akafuata mwenye zawadi. Mkanda ulimzunguka mkononi, ukapitiliza, ukabaki unapwaya. Binti akaukaza, akaulegeza, akautazama tena. Kisha akasema kwa upole:

"Baba, huu ni mkanda wa mkono mnene. Kwako utasoma chini kuliko presha ilivyo. Tungeurudisha dukani watubadilishie."

Uso wa mdogo wangu ukashuka. Akajitetea kwamba muuzaji alimhakikishia mkubwa ndio bora kwa kuwa unamwenea kila mtu. Akaanza kutafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Wewe," wifi yangu akamkatiza binti, "baba yako amehangaika na jua lote hili. Pokea, ushukuru."

Binti akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Maongezi yakaendelea, watu wakacheka, na sidhani kama kuna aliyekumbuka jambo lile zaidi yake. Na mimi, kwa kuwa vipimo vya mikono ya watu ndiyo kazi yangu.

Tangu siku hiyo kila jioni Baba Sista alikuwa anatoa kiti nje ya mlango, anakunja shati, ananyoosha mkono kwa heshima zote. Ilikuwa starehe yake. Wapita njia walisimama kutazama. Kipimo kilikuwa kinalia, kinatoa namba nzuri, naye anazisoma mwenyewe kwa sauti kabla binti hajainama kuziona. Binti akianza habari za mkanda, baba alikuwa anamuuliza kama alitaka wa rangi nyingine, na watu wanacheka. Nilimkuta binti siku moja jikoni, akaniambia mkanda mdogo upo wodini wanakofanyia mafunzo ila mwanafunzi haruhusiwi kutoka na kifaa, na kwamba kwa mshahara wake wa kwanza ataununua huo kabla ya kitu kingine chochote. Alikuwa ameshauulizia maduka yote.

Siku ya kliniki ikapita, mdogo wangu hakwenda. Akapange foleni ya nini, na muuguzi anaye ndani? Baadaye binti akaona vidonge havipungui. Alimbembeleza, akamweleza, akafika mahali pa kumwomba. Nilikuwepo mara moja wanavutana, na jibu la mdogo wangu sijaweza kulipangua mpaka leo.

"Jana umenipima, umeniandikia nzuri. Juzi nzuri. Sasa ama unanipima uongo, ama sina haja ya dawa. Chagua, Sista."

Angechagua nini? Huko nje alikuwa Sista, watu wazima walikuwa wanamwonyesha vidonda vyao. Akivuka mlango kuingia ndani anakuwa mtoto tu, na kumwambia baba kwamba zawadi yake inadanganya ilikuwa ni kumvunjia heshima mara ya pili. Alisema tu, "Baba, tafadhali meza." Akaambiwa sawa. Vidonge vikabaki pale pale.

Asubuhi iliyomwangusha, alikuwa anaandika ukuta wa duka la vitambaa ambako mimi hununua nyuzi. Mwenye duka ndiye aliyenisimulia. Alisema herufi zilianza vizuri, kisha zikaanza kuteremka, kila moja chini ya mwenzake. Akadhani ni mtindo mpya. Mdogo wangu hakuwahi kupindisha mstari tangu nimjue, hata ule wa chaki. Halafu brashi ikamtoka, mkono wa kulia ukaning'inia, naye akakaa chini polepole kwenye ngazi, mdomo umekwenda upande. Ukuta ule bado haujapakwa upya, na mimi nyuzi nanunua kwingine.

Wodini alipokelewa na muuguzi mtu mzima, mwanamke wa maneno machache. Alimtazama mkono, akavuta droo, akatoa mkanda mdogo, akaufunga ukakaa. Namba aliyomtajia daktari ilimfanya binti afumbe macho. Muuguzi akauliza kama mgonjwa alikuwa na dawa. Binti akasema ameziacha. Kwa nini? Kwa sababu vipimo vya nyumbani vilikuwa vizuri. Na nyumbani alikuwa anapimwa na nani?

"Na mimi," binti akasema.

Muuguzi aliitazama ile sare ya chuo, kisha mkono wa mgonjwa. Hakumkaripia. Mimi nilitamani amkaripie, amtukane kabisa, ili mtoto apate pa kulilia. Badala yake alimwita upande wa pili wa kitanda wasaidiane kumgeuza. Siku zile binti alimwogesha baba yake, akamlisha kwa mpira wa puani, akamgeuza kila wakati wake bila kukosea, na alifanya vizuri sana, na haikusaidia kitu. Mdogo wangu hakumaliza wiki.

Msibani tulikaa wanawake chumba kizima, mgongo kwa mgongo. Jirani mmoja, muuza mkaa, mtu mwema asiye na neno baya na mtu, akataka kuwafariji wafiwa. Akasema angalau marehemu hakukosa huduma, alikuwa na muuguzi wake ndani ya nyumba, ni wangapi wanaopata bahati hiyo. Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli kabisa.

Binti alikuwa ameketi kando yangu. Akainua uso.

"Sikuwa muuguzi," akasema. "Na kile kipimo kilikuwa kinasoma chini. Nilikuwa najua."

Wifi yangu alikuwa ameegemea ukuta, akajivuta mbele.

"Ulikuwa unajua? Ukanyamaza?"

Namjua wifi yangu, hana unafiki hata chembe. Siku ya zawadi ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Alimnyamazisha mtoto kwa adabu tu, kama mama yeyote, na ameamka na mambo elfu tangu hapo. Nilifungua mdomo nimkumbushe. Binti akanishika kiganja chini ya kanga, akakibana kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Nilinyamaza, mama. Niliogopa kumuudhi."

Mama yake akageukia ukuta. Tangu hapo alikuwa anamwambia yeyote aliyekuja kutoa pole kwamba mtoto alijua, na watu walikuwa wanatikisa kichwa na kuondoka nayo hiyo habari.

Mtihani aliufanya, akafaulu. Siku ya kiapo nilikwenda peke yangu. Wifi yangu alikataa, alisema mikono yake haiwezi kumpigia makofi. Tukiwa tumesimama nje ya ukumbi, wenzake wanapigwa picha na mama zao, nilimwambia binti basi, yatosha, leo jioni naenda kumweleza mama yake ilivyokuwa neno kwa neno, anichukie akitaka.

"Muache, shangazi," akasema. "Mimi kesho asubuhi nina wodi ya kwenda. Yeye akikumbuka, ana chumba kile cha msiba tu."