Utupa wa Bustanini

Bustani ya mimea ya Mbinga mjini ilikuwa mteremkoni, nyuma ya ofisi za zamani. Watu waliotutangulia walipanda pale miti ya kila namna na kuipigilia vibao vya bati vyenye majina. Lilipokuja soko huria, mtunza bustani aliachishwa kazi, vibao vikaanza kung'oka, na watu wakawa wanaingia kukata fito mchana kweupe. Mwalimu wetu alikuwa bwana shamba naye akapunguzwa kazini. Akaomba ruhusa ya kufundisha watu wazima pale kila Alhamisi alasiri, na akaipata, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyekuwa na haja na bustani.

Mimi nilijiandikisha kwa hasira. Nilizaliwa Lipingo, ziwani, nikaolewa Kitura kwenye baridi na kahawa, na mama mkwe wangu hakuchoka kunikumbusha kwamba sijui kulima. Basi nikasema nitakwenda kujifunza, tuone. Siku ya kwanza nikafika, nikatafuta pa kukaa, na mtu niliyemkuta kwenye gogo la mbele ni baba mkwe wangu.

Asiyetoka kwetu hataelewa balaa hilo. Kule nilikoolewa, enzi zile, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawaongei, wala mmoja hali mbele ya mwingine. Mkikutana njiani, wewe mwanamke unaingia majanini mpaka apite. Nilikuwa nimemzalia wajukuu wawili na bado sijasikia neno lake hata moja likinielekea mimi. Nikaenda kukaa nyuma ya shina la mkangazi, nikawa nasikiliza somo bila kumwona mwalimu. Mwalimu alidhani naona haya kwa kuwa sijui kusoma, akawa ananihurumia bure.

Mwaka ule mambo yalikuwa mabaya. Chama cha ushirika kilichokuwa kikitukopesha dawa za kahawa kilikuwa hoi, na wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, wakichagua na kudharau. Dawa ziliuzwa madukani kwenye chupa za pombe zisizo na karatasi, na muuzaji mwenyewe hakujua anauza nini. Mahindi nayo yalikauka kabla ya kubeba. Kilichobaki nyumbani kwetu cha kutegemea ni bwawa la samaki alilochimba baba mkwe bondeni, chini ya mibuni, linalopata maji kwa mfereji. Ndani yake mlikuwa na perege waliokaribia kuvuliwa. Watoto walikwenda kuwatazama kila asubuhi, nami nilikwenda pamoja nao, maana nilijua kwamba hao ndio chakula chetu mpaka mvua nyingine.

Alhamisi moja mwalimu akatuonyesha kichaka chenye maua meupe kando ya pale tulipokaa. "Huu ni utupa," akasema. "Twangeni majani, yalowekeni kwenye pipa, chujeni, nyunyizieni kahawa. Wadudu watakwisha, na hamtahitaji kwenda dukani."

Wanaume wakafurahi. Mimi nyuma ya mkangazi sikufurahi. Kwetu ziwani utupa haukuwa dawa ya mibuni. Wazee waliutwanga na kuumimina kwenye vidimbwi vya mtoni, na punde samaki wakaelea matumbo juu. Nilitaka kusema, "Mwalimu, na mwenye bwawa je?" Lakini mwenye bwawa alikuwa amekaa pale mbele, na sauti yangu ingemfikia yeye kwanza. Nikamsikia akiomba miche.

Nyumbani nikamwendea mama mkwe. "Mama, mwambieni baba, utupa unaua samaki. Ukiingia mferejini tumekwisha."

Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa. "Nyie watu wa ziwani, hata mkionyeshwa mbuni mnaona samaki. Mume wangu afundishwe bwawa na mkamwana?"

Mume wangu alikuwa Songea akitafuta kibarua, kwa hiyo sikuwa na mjumbe mwingine. Utupa alioupanda baba mkwe kando ya mibuni ulistawi kwa kasi iliyonitisha. Kila nikipita naona umeongezeka, na kila Alhamisi baba mkwe aliuliza maswali mengi kuliko wote. Siku moja akaja nyumbani akiviringisha pipa la bluu alilolipata kwa mnunuzi wa kahawa. Maandishi yake yalikuwa yamekwanguliwa kwa kisu. Nilipolisogelea kufagia, lilinuka utamutamu kama peremende, na kuku hawakulala karibu nalo.

Alipokwisha kuloweka, nikamvizia njiani. Sikuingia majanini. Nilisimama katikati, nikatazama miguu yake, nikasema, "Shikamoo baba. Msioshee pipa mferejini. Utupa unaua samaki."

Aligeukia ukingo wa njia, akanipa mgongo, akasubiri. Nilipita kwa aibu, na nikamchukia. Nasema ukweli, siku ile nilimchukia mzee wa watu.

Alinyunyizia kahawa kutwa nzima. Usiku mvua ikanyesha, ya ghafla, isiyo ya msimu wake. Asubuhi watoto walirudi mbio kutoka bondeni, na kabla hawajafungua mdomo nilikuwa nimejua. Perege wote walikuwa juu ya maji, weupe, wengine bado wakichezesha mapezi.

Mama mkwe alilia kama aliyefiwa. Kisha, kwa kuwa njaa haina adabu, akaanza kuwapasua na kuwapanga juu ya chanja. Majirani walikuja na vikapu, wakasimama mbali wakitazamana. Nilikuwa jikoni nikichochea moto mlangoni kilipoingia kivuli. Baba mkwe alikuwa ameinama pale, ananitazama usoni.

"Mwanangu," akasema. "Hawa wanaliwa?"

Mwiko wa kutoongea ulianguka kama sufuria chini, na hakuna aliyeuokota. "Wa utupa wanaliwa, baba. Tumekula sana kwetu, ukitoa matumbo na kupika vizuri. Lakini lile pipa lilikuwa la nini?"

"Sijui, mwanangu."

Akatoka. Akachukua perege mmoja kwenye chanja, akamwokea kwenye makaa kando ya bwawa, akamla mpaka mifupa. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtu asiguse samaki hawa mpaka jua lizame. Nikiwa mzima, mtakula. Nisipokuwa mzima, fukieni." Majirani wakarudi nyuma. Mama mkwe akajifunika kanga kichwani, akaingia ndani.

Hakuna aliyethubutu kukaa naye. Nikachota maji, nikaenda kukaa mimi.

Tuliongea siku nzima. Aliniambia alinisikia njiani, kwamba pipa alilioshea juu kabisa kwenye ngoro, yale mashimo ya shamba yanayozuia maji yasiteremke, akaamini yatashika. Mvua ile ilijaza ngoro zikafurika. Akaniuliza tunatwangaje utupa kwetu, na kama mama yangu yu hai, na ziwa linalia vipi wakati wa upepo wa mwera. Alicheka nilipomsimulia nilivyokaa nyuma ya mkangazi. "Nilikuona," akasema. "Niliendelea kukaa mbele ili wewe upate pa kujificha." Kila aliponyamaza nilimtazama mikono. Alipojikuna nilishtuka. Mara moja alisema ulimi umekuwa mzito, nikampa maji, akanywa, tukangoja, ukarudi kuwa mwepesi. Mchana alishika tumbo, jasho likamtoka kwenye paji la uso, nikaanza kusali Salamu Maria kwa kunong'ona, naye akaitikia kwa sauti kama tuko kanisani.

Jua likazama nyuma ya mlima. Akasimama kwa miguu yake, akanawa mikono, akasema, "Wapikie watoto." Kisha akageuza uso pembeni, kama inavyopaswa, akapita kimya.

Watoto walikula wakashiba. Mimi nilikaa nyuma ya jiko nikalia. Baba mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakunisemesha tena. Nilikuwa nimepata baba kwa siku moja, na siku yote hiyo niliimaliza nikimwangalia kama atakufa.