Karibu ya Mama Kando ya Ziwa

Jumapili ya mwisho kabla mama hajarudi Bujumbura, nilimpeleka Bois de la Cambre, ile bustani ya kale yenye miti mirefu na ziwa katikati. Nilikuwa na neno la kumwuliza, na nilitaka tuwe wawili tu: asingekubali kubaki nami hapa Brussels? Neno hilo lilikuwa limenikaa kooni tangu aliposhuka kwenye ndege.

Tulipanda tramu na chapati zetu, sambusa na chupa ya chai ya maziwa. Nilimwonyesha vimashua vya kukanyaga kwa miguu, na kivuko kidogo kinachopeleka watu kisiwani kunywa kahawa. Mama akasema kuvuka maji kwa ajili ya kahawa ni wazimu. Akatandika kitenge kwenye benchi, akafungua chakula.

Hapo balaa likaanza. Kwetu mtu akipita unakula, lazima umkaribishe, naye mpita njia anajua wajibu wake: hushukuru, akaenda zake. Mama alimnyooshea sahani kila aliyepita, wakimbiaji, wenye mbwa, watoto wa viatu vya magurudumu. Wengi waliangalia pembeni. Mzee mmoja Mbelgiji mwenye mkongojo alishukuru, akaketi, akachukua sambusa.

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilizidi kuugua. Nikageuzwa mkalimani, mzee na Kifaransa chake, mama na Kiswahili chake. Mzee alisimulia alivyokuwa akiteleza juu ya ziwa lile utotoni, likiganda kuwa barafu, na mama akacheka mpaka akafuta machozi. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote.

Kisha akaniomba nimwulize mama kwa nini habaki kuishi na binti yake.

Nilitafsiri. Sauti ilinitetemeka, nikajifanya nakohoa. Mama alimjazia mzee chai kwanza.

"Umwambie, kule nikikula, watu wanapita mulangoni, namukaribisha huyu, namukaribisha yule. Hapa nimepata huyu moja tu, na ndiyo maana naondoka."

Mzee aliposikia tafsiri yangu alisema mama amesema kweli. Mimi sikuuliza tena.

Siku hizi magoti ya mama hayataki safari. Nimemkumbuka mno, hata makelele yake jikoni. Jumapili mimi huenda kwenye benchi lile na sambusa zangu, nikawakaribisha wapitao kwa sauti ya chini, na wengi huangalia pembeni. Mzee simwoni tena. Halafu humpigia mama simu, naye lazima aniulize nimekula na nani.

Juzi nilimwambia nimekula peke yangu.

"Bon," akasema. "Basi urudi nyumbani, mwanangu."

Neno lilelile langu la kando ya ziwa. Yeye hakukohoa.