Asubuhi ya Viwavijeshi

Harufu ya jani changa la mahindi likivunjwa hunirudisha Kedowa, kwenye shamba letu lililopakana na chai. Nilikuwa darasa la tatu. Jioni nondo wadogo wa kijivu walizunguka balbu ya sola jikoni, nami niliwakamata nikampaka mdogo wangu unga wa mabawa yao puani. Nani angejua ndio waliokuwa wakitaga mayai kwenye mahindi yetu?

Haukupita muda, majani yakatobolewa kama chujio. Viwavijeshi walikuwa wamejichimbia ndani kabisa, pale jani jipya linapochipuka. Baba alikuwa kazini mbali, na Mama alikuwa ametoka tu kujifungua. Alisimama shambani na leso yake kiunoni, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Ndipo jirani yetu, Mama Njeri, akapenya ua. Yeye na Mama hawakuwa wakisalimiana tangu ng'ombe wake amalize sukuma wiki zetu. Alibeba beseni la jivu, na nyuma yake alikuja Njeri, msichana wa rika langu.

"Mama Nyaboke, rudi ndani unyonyeshe mtoto. Hawa wadudu tutawatoa sisi," akamwambia Mama, akimwita kwa jina langu.

"Na mahindi yako?" Mama akauliza bila kumtazama.

"Yangu iko sawa."

Tuliwatoa viwavi kwa mikono, tukawaponda kwa mawe, kisha tukatia jivu pale walipojificha. Njeri alipiga mayowe kila alipomgusa mmoja. Mimi nilijifanya jasiri, mpaka mmoja akaingia kwenye gambuti yangu, nikalia kuliko mtoto mchanga.

Jivu lilipoisha, nilimsindikiza Njeri kwao kuchota lingine. Mahindi yao yalikuwa yameliwa kuliko yetu! Nikakimbia kumwambia Mama. Alimfunga mtoto mgongoni, akavuka ua, akaanza kutoa viwavi kwenye mahindi ya Mama Njeri.

"Wewe nawe! Si nilikuambia upumzike?" Mama Njeri akamkemea, akija mbio kutoka shambani kwetu.

"Nitapumzika tukimaliza."

Msimu ule tulivuna kidogo, lakini nyumba zote mbili zilivuna.

Kwa muda mrefu mimi na Njeri tulingoja tuone mama yupi angemwomba mwenzake msamaha. Hatukusikia kitu. Sasa nina nyumba yangu na majirani wangu, na ndipo nimeelewa: mama zetu walikuwa wameshaombana msamaha siku ile, wakiwa wameinama bega kwa bega, mikono yao imejaa viwavi.